Mtoto anapocheua maziwa kila mara: la kufanya nyumbani, na wakati wa kukimbilia kituo cha afya

Ni Jumapili, katikati ya ibada. Mama kijana amemaliza kunyonyesha, anamweka mtoto begani, na mara maziwa yanamwagika juu ya kitenge chake. Mama aliyeketi nyuma yake anamnong'oneza: «Maziwa yako si mazuri.» Mlangoni mwingine anamshauri ampeleke mtoto kwa mzee fulani akakatwe kilimi. Nyumbani mama mkwe anasema aanze kumpa uji, sababu titi halimtoshi. Jioni mama huyo analia, huku mtoto mwenyewe anacheka, ananyonya vizuri, na kila mwezi kilo zake zinaongezeka.

Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo, mume wake, mama mkwe wake, na mashemasi wanaotembelea nyumba zenye watoto wachanga. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: mtoto anayecheua maziwa lakini anakua vizuri, si mgonjwa. Mara nyingi kinachomuumiza si kule kucheua, bali ni mambo tunayomfanyia kusudi aache kucheua. Tena kuna dalili chache ambazo si za kungojea hata usiku mmoja. Tuzijue zote mbili.

Kucheua ni nini?

Wengi wetu tunasema tu kwamba mtoto «anatapika». Lakini kucheua na kutapika ni mambo mawili.

Mtoto anapocheua, maziwa yanarudi yenyewe mdomoni na kutiririka kidevuni, bila nguvu na bila maumivu. Mara nyingi hutokea wakati anapotoa hewa, anapolazwa au anapogeuzwa. Akiisha kucheua, anaendelea na mambo yake. Anapotapika, tumbo linakazana, anahangaika, na kinachotoka kinatoka kwa nguvu.

Sababu ya kucheua ni umbo la mtoto. Kati ya koo na tumbo la chakula kuna msuli wa mviringo unaofunga kama mdomo wa mfuko. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado ni mlegevu. Tena tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni cha maji, na sehemu kubwa ya siku amelala. Ukijaza chupa isiyo na kifuniko kizuri na kuilaza, maziwa yatatoka. Ni vivyo hivyo kwa mtoto.

Watoto wengi hupitia hali hii. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Huongezeka karibu na mwezi wa 4, halafu hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula chakula kizito. Wengi huacha kabisa kabla hawajafikisha mwaka 1. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hucheua zaidi, na wanahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Maziwa yakirudi yakiwa yameganda na kunuka uchungu, mama asifikiri kwamba yalioza ndani ya titi. Maziwa hayaozi ndani ya titi, hata kama mama alishinda shambani au sokoni tangu asubuhi. Yameganda kwa sababu yalifika tumboni mwa mtoto na kukutana na asidi inayoanza kuyasaga. Ni alama kwamba tumbo linafanya kazi yake. Hakuna haja ya kukamua na kumwaga «maziwa ya jua».

Tena maziwa yaliyomwagika huonekana mengi kuliko yalivyo. Jaribu kumwaga kijiko kimoja cha maziwa juu ya kitambaa, utaona doa linavyoenea. Mama anayeogopa kwamba «ametoa yote» mara nyingi ameona kijiko kimoja au viwili tu.

Shahidi wa kweli ni kadi ya kilo

Badala ya kuhesabu mara ngapi mtoto amecheua, tuangalie kama anakua. Siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, mwombe muuguzi akuonyeshe mstari wa mtoto wako kwenye kadi na kukueleza.

Siku za kwanza baada ya kuzaliwa kila mtoto hupungua kidogo, kisha hurudia uzito wake wa kuzaliwa karibu na wiki ya 2. Kuanzia hapo, katika miezi ya kwanza, wengi huongeza kati ya gramu 150 na 200 kila wiki. Mtoto wa chini ya miezi 6 asiyefikisha hata gramu 500 kwa mwezi mzima anapaswa kuangaliwa, awe anacheua au hacheui.

Nyumbani kuna alama nyingine: mkojo. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa angalau mara 6 kwa siku, na mkojo wake si wa rangi nzito. Mtoto anayekojoa hivyo, anayeamka kunyonya mwenyewe, na ambaye mstari wake unapanda, mshukuruni Mungu kwa ajili yake na mtafute kitambaa kingine cha begani.

Jinsi ya kumsaidia

Hakuna dawa inayokomaza ule msuli. Siku zitaufanya kazi hiyo. Lakini mambo madogo haya hupunguza kucheua:

- *Angalia jinsi anavyoshika titi.* Mdomo ufunguke sana, ushike sehemu kubwa ya weusi wa titi na si chuchu peke yake, kidevu kikigusa titi. Anayeshika vibaya humeza hewa nyingi, na hewa hiyo ikitoka hutoka na maziwa. Mkunga au mama mzoefu anaweza kukuonyesha.
- *Mnyonyeshe kabla hajalia kwa hasira.* Akianza kulamba midomo au kutafuta kwa kichwa, ana njaa. Mtoto anayelia sana humeza hewa na kunyonya kwa pupa.
- *Mpe kidogo kidogo, mara nyingi.* Akigeuza kichwa ameshiba, usimlazimishe. Akicheua, usimrudishe mara moja kwenye titi ili «kufidia». Ngoja mpaka aombe mwenyewe.
- *Maziwa yakitoka kwa nguvu sana* hata mtoto anapaliwa, mama aegemee nyuma na mtoto awe juu ya kifua chake. Au amwondoe kidogo, aache maziwa ya kwanza yaingie kwenye kitambaa, kisha amrudishe.
- *Mtoe hewa* katikati ya kunyonya na mwishoni: mweke begani au mkalishe huku umemshika kidevu na kifua, umpapase mgongo polepole. Kama hewa haitoki baada ya dakika chache, si neno.
- *Baada ya kunyonya, mshike wima* kifuani kwako kwa dakika 20 hadi 30. Hii ni kazi nzuri kwa baba, au kwa dada wa mtoto aliye mkubwa wa kutosha.
- *Usimfunge mgongoni mara moja.* Kitenge kilichokazwa kinabana tumbo lililojaa. Ngoja kwanza ile nusu saa. Hivyo hivyo usimfunge kitambaa cha kubana tumboni.
- *Moshi wa sigara usimkaribie*, na pale inapowezekana mtoto asikae katika jiko lililojaa moshi.

Mama anaendelea kula chakula chake: maharagwe, sombe, samaki, matunda. Hakuna sababu ya kumnyima chakula kwa ajili ya mtoto kucheua tu. Ni mara chache mtoto anasumbuliwa na maziwa ya ng'ombe ambayo mama anakunywa. Hapo kwa kawaida kuna alama nyingine, kama damu katika haja kubwa au vipele vinavyowasha ngozini. Jambo hilo mama aliamue pamoja na muuguzi au daktari.

Jinsi ya kumlaza

Wazazi wengi wanamlaza mtoto kwa tumbo au kwa ubavu wakiogopa atapaliwa na maziwa usiku. Nia ni njema, lakini njia hiyo ina hatari. Mtoto mchanga, hata yule anayecheua sana, anapaswa kulala chali, juu ya kitanda kilicho sawa na kigumu kidogo, bila mto na bila nguo nyingi karibu na uso. Watoto wanaolazwa kifudifudi hufa ghafla usingizini zaidi kuliko wanaolala chali.

Naye anayelala chali hapaliwi kwa urahisi kama tunavyofikiri. Akiwa chali, njia ya pumzi iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi yanabaki chini, naye huyameza au huyatoa pembeni mwa mdomo. Ukimgeuza kifudifudi, njia ya pumzi inakuwa chini, na maziwa yanaweza kuielekea. Kumlalisha kwa tumbo ni kwa mchana, akiwa macho na mtu mzima anamwangalia.

Mambo yanayowaumiza watoto wetu

Hapa tuseme wazi, sababu mambo haya yanafanyika pia katika nyumba za Wakristo.

*Kukata kilimi.* Katika Kivu na kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, wengi wanaamini kwamba kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kikiwa kirefu ndicho kinachotapisha mtoto. Basi wanakikata kwa wembe au kwa kisu. Kilimi ni kiungo ambacho Mungu amempa kila mtu, nacho hakileti kucheua. Kukikata kunaleta kutoka damu kusikokoma, vidonda vinavyooza, pepopunda, na magonjwa ya damu kama wembe umetumika kwa wengine. Kuna watoto waliokatwa wakiwa wazima, wakafikishwa hospitali wamechelewa. Mtoto «aliyepona» baada ya kukatwa angeacha kucheua hata bila kukatwa, kwa kuwa miezi ilikuwa inapita.

*Kung'oa meno machanga.* Wengine huona uvimbe mweupe katika ufizi, wanauita meno ya bandia au minyoo, na kuuchimba kwa chombo cha chuma. Huo ni mche wa jino ambao bado haujatoka. Kuuchimba kunaleta damu nyingi, maambukizo, wakati mwingine kifo, na kunaharibu meno ya ukubwani.

*Uji kabla ya miezi 6.* Wengine wanasema uji mzito utakaa tumboni. Lakini tumbo la mtoto wa miezi 2 halijawa tayari kwa unga, hata ule wa soya na mahindi unaouzwa kwa ajili ya watoto. Uji unampunguzia hamu ya titi, na maji au chombo kisicho safi kinamletea kuhara. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri titi peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza. Katika maeneo yetu yenye kipindupindu na katika kambi za waliokimbia vita, ushauri huo unaokoa maisha.

*Kuachisha titi.* Mtoto anayecheua maziwa ya mama atacheua pia maziwa ya unga, na mara nyingi zaidi. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka 1.

*Dawa za kununua bila kuandikiwa.* Katika maduka mengi ya dawa mtu anaweza kupewa metoklopramidi au domperidoni kwa ajili ya mtoto «anayetapika». Metoklopramidi inaweza kumletea mtoto mchanga mkakamao wa shingo na mwili. Ulaya ilikatazwa kwa watoto chini ya mwaka 1 tangu mwaka 2013. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa za kupunguza asidi nazo hazizuii maziwa kurudi, na daktari huzitoa kwa watoto wachache wenye sababu maalum.

*Majani na kusafisha tumbo.* Maji ya majani yanayonyweshwa mdomoni, au kutiwa kwa njia ya haja kubwa kwa kipira, yanaweza kukausha maji ya mwili wa mtoto na kudhuru ini na figo zake. Hakuna kipimo salama kwa mtoto wa kilo 4.

Kama mtoto anatumia maziwa ya unga

Kuna watoto ambao mama yao amefariki, au wanatumia maziwa ya unga kwa sababu nyingine ya kweli. Kwao, kikombe kidogo kilicho safi ni bora kuliko biberoni, sababu kinaoshwa kwa urahisi na mtoto anakunywa kwa kiasi anachotaka. Kama ni biberoni, tundu lisiwe kubwa mno, na chuchu ijae maziwa ili mtoto asivute hewa. Maji yachemshwe. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya kopo: usizidishe maji ili kopo lidumu, wala usizidishe unga ili maziwa yawe mazito. Maziwa yaliyobaki asiyoyamaliza yamwagwe.

Dalili za kukimbilia kituo cha afya

Ukiona moja ya mambo haya, usingoje mpaka kesho, na usipitie kwanza kwa mganga wa kienyeji wala kwenye chumba cha maombi. Maombi yaende pamoja nawe njiani.

- Anatapika maji ya kijani kama sombe. Huenda utumbo umeziba au umejisokota. Anaweza kuhitaji upasuaji siku hiyo hiyo.
- Maziwa yanatoka kwa kuruka mbali, karibu kila baada ya kunyonya, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8, na mara tu anataka kunyonya tena huku anakonda. Yawezekana mlango wa kutokea tumboni umekuwa mwembamba. Ugonjwa huo unatibiwa kwa upasuaji, na watoto wanapona vizuri wakifika mapema.
- Anatapika damu au kitu cheusi kama masalio ya kahawa. Wakati mwingine damu inatoka kwenye chuchu ya mama iliyochanika, lakini acheni muuguzi ahakikishe.
- Hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu.
- Ana homa, au mwili wake ni baridi isivyo kawaida. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni jambo la haraka kila mara, na kwetu malaria pia inatapisha: apimwe.
- Amelegea, haamki vizuri, au ana mishtuko ya degedege.
- Utosi umevimba akiwa ametulia, au umebonyea. Macho yameingia ndani. Hajakojoa kwa saa 6 au zaidi.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu, au hapati haja kubwa wala hewa.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kifua kinaingia ndani, au aliwahi kukata pumzi na kuwa wa bluu.
- Anahara pamoja na kutapika. Endelea kumnyonyesha njiani.

Kuna hali nyingine ambazo si za usiku huo huo, lakini mpeleke wiki hiyo: kilo haziongezeki, analia na kujipinda mgongo kila anaponyonya mpaka anakataa titi, anakohoa kila mara baada ya kunyonya, au ameanza kutapika baada ya miezi 6 wakati zamani hakuwa hivyo. Hapo huenda kucheua kumekuwa ugonjwa, nao una matibabu.

Ukifika, mweleze muuguzi alianza lini, ni rangi gani, yanatoka kwa nguvu au yanatiririka, na amekojoa mara ngapi. Mpe kadi. Kama mtoto amekwisha kupewa majani au dawa, sema kweli bila haya.

Kazi ya familia na ya kanisa

Mama anayebadilisha nguo za mtoto mara nane kwa siku anachoka. Akisikia tena kwamba maziwa yake ni mabaya, au kwamba kuna dhambi au uchawi nyumbani, anavunjika moyo. Mama mwenye huzuni nyingi, asiyelala hata mtoto anapolala, anayelia kila siku au kusema hataki kuishi, naye anahitaji msaada wa haraka wa muuguzi na wa watu wake.

Biblia inatuonyesha nyumba ya Hana katika 1 Samweli 1. Watu walipopanda kwenda kutoa sadaka ya mwaka, Hana alibaki nyumbani na Samweli mpaka alipomwachisha kunyonya, na Elkana mume wake hakumlaumu, bali alikubali. Hana alikuwa mwanamke wa maombi, lakini kwa muda ule kunyonyesha ndiyo ilikuwa kazi yake mbele za Mungu, na nyumba ikampa nafasi.

Nasi tumpe mama nafasi hiyo. Mume achote maji na kumshika mtoto wima usiku. Mama mkwe, ambaye neno lake lina uzito kuliko la muuguzi, awe wa kwanza kusema: «Hapa hatukati kilimi.» Shirika la akina mama lifue vitambaa na kusindikiza mama siku ya kupima. Mchungaji amwalike muuguzi wa kituo cha afya aseme dakika kumi baada ya ibada, na shemasi ajue ni nani mwenye pikipiki usiku mtoto akizidiwa.

Na wewe uliyeketi nyuma ya mama kijana Jumapili ijayo, maziwa yakimwagika juu ya kitenge chake, mpe kitambaa. Mwulize kwa upendo, «Kilo zake zinapanda?» Akisema ndiyo, mwambie: «Basi maziwa yako ni mazuri, mama. Endelea.»